Karatasi Tatu Dirishani

Wewe uliyekalia kiti changu sasa, kile chenye mguu mmoja uliofungwa mpira wa baiskeli, nakuandikia kama ninavyoongea na mtu ninayeweza kumwachia funguo za nyumba nikaenda msibani. Hatujuani sana, najua. Lakini mtu akishakaa mbele ya ile ramani asubuhi ya kipupwe, blanketi miguuni na chupa ya chai pembeni, mimi na yeye ni ndugu. Kwa hiyo nisikilize. Nataka nikusimulie jinsi tulivyopima mawingu ya gesi yaliyoko kati ya nyota na nyota, mawingu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaona kwa macho.

Huko Lushoto watu wananitania. Mama wa miaka arobaini na kitu anastaafu nini? Nawaambia mimi sijastaafu, kazi ndiyo iliyostaafu. Mambo niliyokuwa nafanya kwa jicho na subira sasa yanafanywa na programu, na yenyewe haiombi ruhusa ya kwenda kuzika. Mgongo wangu nao uliunga mkono hoja. Mama yangu hapa Bungu naye anahitaji mtu wa kumchotea maji. Basi nimerudi nyumbani, na kabla sijasahau, naandika.

Nilianzia kwenye masufuria. Nilikuwa nachemsha jamu ya matunda damu kule Irente, na siku nyingine nakamua jibini. Shule niliiacha darasa la saba. Mtoto wangu wa tatu alipoanza kutembea nikajiandikisha madarasa ya jioni, ili nifanye ule mtihani wa watu wazima. Nilikuwa nakaa dawati la nyuma nanukia sukari iliyoungua. Mwalimu wa fizikia aliyepangwa hakutokea, akaja kujitolea mama mmoja mrefu, mkimya, mwenye miwani ya kamba. Huyo ndiye Daktari Naomi. Alikuwa amesoma mbali, akarudi kuuguza wazazi wake, na kwenye chumba cha nyuma cha jengo lile lile la madarasa aliweka kompyuta tatu. Wenzake wa nchi nyingine walikuwa wanamtumia picha za anga kwa mtandao, yeye anazichambua hapo, kabichi zikipita nje ya dirisha kwenye malori.

Jioni moja alitufundisha habari ya joto. Akauliza: "Mama akizima moto jikoni, akaondoa kuni zote, mtu akaingia gizani, atajuaje mafiga yalikuwa na moto?"

Nikasema, "Atasogeza mkono, Daktari. Figa haling'ai lakini linakuambia."

Akaniangalia kidogo. Darasa lilipoisha akaniita. "Mama Eliya, unaweza kukaa na kitu kimoja muda mrefu bila kuchoka?"

"Nimekoroga jamu, Daktari."

"Basi njoo Jumatatu."

Jumatatu nilikwenda nimevaa gauni la kanisani. Mle chumbani nikamkuta Bakari, kijana wa makamo yangu kutoka Mlola. Alikuwa muuza karoti sokoni kwao kabla hajajifunza kompyuta. Alinitazama kuanzia kilemba hadi viatu.

"Karibu, mama. Hapa hakuna ibada, kuna baridi tu. Kesho vaa sweta."

"Na wewe kesho nyoa ndevu," nikamwambia. Tulielewana siku hiyo hiyo.

Nyumbani ilikuwa kazi kueleza. Mama mkwe alisikia neno mionzi, akakosa raha. Siku ya tatu akanikalisha chini.

"Mwanangu, hiyo mionzi mnaiweka wapi? Isije ikawa kwenye hiyo chupa ya chai unayorudi nayo."

"Hatuiweki popote, mama. Inapokelewa na darubini iliyoko juu kabisa, kwenye setilaiti. Sisi tunaletewa habari zake tu."

"Kama umbea?"

"Kama umbea, lakini wa kweli."

Akafikiri. "Umbea wa kweli," akasema. "Basi na watoto wasinywe hiyo chai."

Sasa nikueleze kazi yenyewe, kama nilivyoelezwa mimi na Daktari, maana hakuwahi kunieleza kitu kwa kunitisha.

Kati ya nyota na nyota si patupu. Kuna gesi, nyembamba kuliko pumzi, imetanda kama ukungu wetu wa asubuhi, ila umbali wake ukiufikiria kwa muda mrefu unashika kichwa. Nyota zote zinazaliwa humo. Jua letu lilizaliwa humo, na chuma kilichoko kwenye damu yangu na yako kilipita humo kikiwa vumbi. Siku niliyoambiwa hilo nilirudi nyumbani kwa miguu, sikutaka kupanda gari. Nilikuwa nimefundishwa tangu utoto kwamba mimi ni mavumbi, na kila Jumatano ya Majivu naambiwa tena. Sikujua kama ni mavumbi yaliyotoka mbali hivyo.

Taabu ni kwamba gesi hiyo haionekani. Lazima utafute mashahidi. Shahidi wa kwanza ni mawimbi ya redio yanayotoka huko huko. Gesi nyingi huko ni haidrojeni, na ikiwa nene na baridi inakaa kimya, haitoi sauti ya redio. Kwa hiyo wataalamu wanasikiliza gesi nyingine inayotembea nayo, na ukiambiwa ni ipi utashangaa. Ni ile ile inayoua watu huku milimani wanaolala na jiko la mkaa ndani ya nyumba. Hapa ni muuaji, kule ni kengele shingoni mwa mbuzi, inakuambia kundi liko wapi.

Shahidi wa pili ni vumbi. Ndani ya gesi kuna vumbi laini kuliko unga uliochekechwa mara mbili, limechanganyika kama chumvi kwenye mchuzi, kwa kipimo karibu kile kile. Mwanga wa nyota unalipasha joto kidogo, nalo linatoa mng'ao wa joto ambao jicho haliuoni. Ndiyo yale mafiga. Ukiujua mng'ao wa vumbi unakisia gesi ni kiasi gani.

Shahidi wa tatu ni mionzi ya gamma, na huyu ndiye aliyeniteka moyo. Daktari alinieleza hivi siku moja mvua inapiga bati letu hata hatusikilizani. Alingoja ipungue.

"Umesikia hiyo? Kuna mvua nyingine, ya chembe ndogo sana, zinakwenda kasi karibu na kasi ya mwanga. Inanyesha anga zima, haichagui. Haipiti kushoto kwa sababu pana giza wala kulia kwa sababu pana baridi. Inapogonga gesi, ndipo inatoa gamma. Sasa fikiri umesimama usiku, huoni nyumba hata moja, mvua inanyesha kijiji kizima. Utajuaje mabati yako wapi?"

"Kwa mlio."

"Basi wewe kazi yako ni kusikiliza mabati."

Nilikaa na maneno hayo. Nilikuwa naamini siku zote kwamba mvua inawanyeshea wema na wabaya. Sikujua mtu anaweza kuitumia kupimia mbingu.

Kazi ilikuwa ya mkono. Mwanga wa gamma haumiminiki, unakuja chembe moja moja, kama sarafu za wajane kwenye kapu la sadaka. Nyingine zinatoka kwenye gesi. Nyingine zinatoka kwa nyota zilizokufa zinazozunguka kwa kasi, na nyingine kwenye mioyo ya makundi ya nyota ya mbali mno. Hizo zinang'aa kama ncha ya sindano, na mimi nilipaswa kuziondoa moja moja, nibakize ule ukungu tu. Ukiondoa kidogo mno, nyota inajifanya wingu. Ukiondoa sana, unalichana wingu. Nakushauri, hata kama programu inafanya hayo sasa, siku moja ondoa kumi kwa mkono wako. Utaiheshimu programu, na utajua inapodanganya.

Kipande chetu cha anga tulikigawa vitalu, kama bustani ya miche, na kila kitalu Bakari alikipa jina la nyumbani. Kulikuwa na Bungu, Irente, Magamba na Mlola. Ramani kubwa ya karatasi tuliibandika ukutani kwa uji wa ngano. Panya waliila Magamba yote kabla hatujajifunza kutumia gundi.

"Bungu yenu haina kitu," Bakari alikuwa ananiambia. "Hata angani mmelima mawe."

"Afadhali mawe. Mlola yenu yote moshi."

Na kweli, Mlola ndiyo iliyokuwa na habari. Kwenye ramani ya vumbi ilikuwa na sehemu nyeupe sana, inang'aa kuliko majirani wote. Kwenye redio, pale pale, kimya. Miaka mingi kabla sijafika, Daktari Naomi alisimama mbele ya wenzake huko nje akasema pale pana gesi iliyofichika, nyingi, ambayo redio haiisikii. Alichora mpaka wake. Baadhi walimkubalia. Mzee mmoja aliyeheshimiwa sana alisimama akasema huenda ni vumbi lililopashwa joto tu, halina gesi ya maana, na mama huyu amechukulia weupe kuwa wingi. Daktari alijibu kwamba atathibitisha. Tangu hapo watu wa fani yake wakimtaja, wanataja Mlola, ingawa wao wanaiita kwa tarakimu. Alituambia mwenyewe, bila kujionea huruma: "Jina langu limekaa pale. Nataka kujua kama limekaa juu ya kitu, kabla sijaacha kazi."

Gamma ndiyo ingesema, maana mvua ile haijali vumbi lina joto au baridi. Ila gamma za kutosha hazikuwepo. Ilibidi kungoja zidondoke, mwaka baada ya mwaka.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo ndilo nililokusudia kukuandikia. Babake Daktari aliwahi kuwa mzee wa baraza. Unajua baraza la mashamba lilivyo. Mipaka ikigombaniwa, mashahidi hawakai pamoja. Mmoja anaingia, mwingine anakaa nje, mbali, asisikie hata kikohozi. Akitoka wa kwanza hapiti kwa wa pili. Daktari akatuambia tutaishi hivyo.

"Mama Eliya, wewe utakuwa wa gamma. Bakari, wewe utakuwa wa vumbi, na utatumia ramani mpya za mawimbi marefu, zile zinazoliona hata vumbi la baridi. Vitalu vyote mnaweza kusaidiana. Mlola, hapana. Kila mmoja atachora gesi ya Mlola peke yake. Msiulizane, msichunguliane, msitaniane. Na mimi msiniambie kitu."

"Hata wewe, Daktari?" Bakari akauliza.

"Mimi ndiye mwenye shamba, Bakari. Mwenye shamba anasikia mwisho."

Tuligeuza meza, migongo ikaangaliana. Katikati tukatundika kitenge changu cha zamani, cha rangi ya maboga. Na hivyo ndivyo watu wawili waliokuwa wanakunywa chai kutoka chupa moja, waliozikiana wazazi, waliojua madeni na maradhi ya kila mmoja, waliishi miaka hawajawahi kuongea habari ya kipande kimoja cha anga. Ukitaka kujua kama kitu ni kidogo, jaribu kukatazwa kukisema. Mlola ilijaa chumba kizima. Bakari alikuwa akianza, "Juzi nilipita Mlola..." halafu ananyamaza, anaongeza, "Ya chini. Sokoni. Viazi vimepanda."

Chembe zikaendelea kudondoka. Watoto wangu wakakua, Eliya akaingia sekondari. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika. Nilifanya mtihani wangu nikafaulu masomo yaliyotosha, fizikia ikiwemo. Na picha yangu ya gamma ikaanza kujitokeza polepole, kama bonde unavyoliona pale Irente ukungu unapoinuka, kwanza mti, halafu paa, halafu barabara ya chini kabisa kwenye joto.

Ilipojitokeza, moyo wangu ulishuka.

Pale peupe, pale alipochora Daktari, hapakuwa na kitu. Mvua ilikuwa inanyesha pale kama kwingine, lakini hapakuwa na bati. Kimya. Pembeni yake, kwenye sehemu ambayo ramani ya zamani ya vumbi ilionyesha nyeusi tupu, sehemu ambayo sisi tulikuwa tumepigilia msumari wa kutundikia vikombe pale ukutani, palikuwa panalia.

Nilidhani nimekosea. Nikarudia kuondoa nyota, nikaanza moja kwa moja toka mwanzo. Ikatoka vile vile. Nikafikiri labda ni nyota iliyokufa imevuja, lakini nyota ni ncha, na hii ilitanda, ina mikono kama wingu. Nikafikiri labda mvua yenyewe ni kubwa zaidi upande ule. Hilo nalo lina njia yake, Daktari alikuwa amenifundisha. Ukitaka kujua kama mvua imenyesha sawa, sikiliza bati la jirani unayemjua. Kitalu cha Irente kiko karibu, na gesi yake inajulikana vizuri kwa redio. Nikapima: kwa kiasi kile cha gesi, gamma ya Irente ilikuwa ya kawaida kabisa. Mvua ilikuwa sawa. Basi pale gizani palikuwa na bati.

Na siruhusiwi kusema.

Daktari alikuwa anaingia kila asubuhi. Mimi nasema shikamoo, anaitikia marahaba, anavua koti, anapita mbele ya ramani ya ukutani. Hakuwa anasimama, lakini alikuwa anapunguza mwendo. Mkutano wao mkubwa ulikuwa umekaribia na alikuwa amepangiwa kuongea habari ya Mlola, liwe liwalo. Mimi nimekaa pale na jibu lake kwenye kompyuta. Nilijaribu kuomba, nikashindwa nianzie wapi. Kumwomba Mungu gesi iwe pale nilipoikosa? Mwanga ule ulitoka huko kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Kilichokuwepo kilikuwepo. Mwisho niliomba kitu kidogo, kwamba mkono wangu usichore nisichokiona kwa sababu nampenda mtu. Niliomba hivyo kila siku nikipanda ile ngazi, na nakuambia, lilikuwa ombi zito kuliko niliyoombea watoto wakiwa wagonjwa.

Siku moja Daktari alisimama mlangoni. "Mama Eliya, unalala vizuri?"

"Nalala, Daktari."

"Umekonda."

"Ni kipupwe."

Akaniangalia muda. Alikuwa mwalimu, hawa wanajua. "Haya," akasema. "Usiniambie kitu." Akaenda zake.

Nyuma ya kitenge Bakari naye alikuwa ameacha utani. Hapo nilidhani ana matatizo ya nyumbani.

Ikafika siku. Gamma zilitosha, mimi nimemaliza, Bakari amemaliza. Daktari alitupa zile karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, za projekta za zamani. Kila mmoja achore mpaka wa gesi ya Mlola kama alivyoupata, mimi kwa kalamu ya bluu, Bakari kwa nyeusi. Yeye alifungua begi akatoa karatasi yake, ile ile aliyoichora miaka yote ile iliyopita, wino mwekundu umefifia kuwa wa waridi. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi.

Asubuhi hiyo ilikuwa safi. Jua lilikuwa limepiga dirisha. Daktari akaibandika ya kwake kwanza kwenye kioo, akarudi nyuma.

"Gamma," akasema.

Nikaenda. Nikaibandika juu ya ile yake, kona kwa kona, na bluu yangu ikakaa pembeni kabisa. Haikugusa waridi hata kidogo.

Nje mtu alikuwa anashusha matenga ya pilipili hoho, anahesabu kwa sauti. Nikasema, kwa sababu nilikuwa nimeliomba hilo, "Pale peupe pako kimya, Daktari. Nimerudia. Pako kimya."

"Nimeona," akasema. "Asante." Halafu, bila kugeuka, "Vumbi."

Bakari hakusogea. Nilimwangalia, na uso wake sijawahi kuuona vile. "Daktari," akasema, "mimi nadhani yangu ina makosa."

"Bandika, Bakari."

"Nimeona weupe ule ni joto tu. Kuna nyota kali karibu yake zinalipasha vumbi. Ni vumbi dogo, la moto. Lakini kuna sehemu..."

"Shahidi, bandika."

Akaibandika. Nyeusi yake ikakaa juu ya bluu yangu.

Sijui nikuelezeje. Haikuwa sawasawa kama muhuri, ya kwake ilikuwa nyembamba kidogo juu na ya kwangu nene kidogo chini. Lakini lilikuwa wingu moja. Mkono ule ule unaoelekea kaskazini. Kile kishimo cha katikati ambacho nilidhani ni kosa la jicho langu, na yeye alikuwa nacho. Mimi nilisikiliza mvua, yeye aligusa mafiga, kitenge katikati, miaka yote ile, na tulikuwa tumemchora mtu mmoja. Jua lilipita kwenye mistari yote miwili likaangukia sakafuni, na wingu likawa pale miguuni mwetu, kubwa kama jamvi.

Bakari akasema taratibu, "Subhanallah." Mimi nikaketi.

Daktari alikaribia dirisha hadi miwani ikakaribia kugusa kioo. Tulidhani analia, kumbe anacheka, kwa ndani, mabega tu yanatikisika.

"Mnajua nilichofanya?" akasema. "Nilichukulia Mlola yote ina joto moja. Nimesoma kote huko, halafu nikasoma anga kama mtu anayevuka Magamba asubuhi. Sisi watu wa milima tukiona ukungu mweupe tunasema huo ndio mzito. Kumbe mweupe umewashwa tu na jua, na mzito uko nyuma yake, kwenye kivuli, tumeupa mgongo." Akagusa sehemu ya giza kwa kidole. "Pako baridi hapa. Baridi sana. Ndiyo maana na redio haikusikia, ile gesi ya kengele imeganda kwenye vumbi kama umande kwenye jani. Na gesi yote hii ilikuwepo. Yote hii."

"Kwa hiyo gesi iliyofichika ipo, Daktari," nikasema. Nilitaka iwe faraja.

"Ipo," akasema. "Si pale niliposema. Yule mzee alisema kweli kuhusu weupe, na atasikia kutoka kwangu."

Akanyoosha mkono, akaingiza ukucha chini ya kona, akaibandua karatasi yake kutoka chini ya zetu polepole, asizisogeze. Akazishikilia zetu kwa kiganja mpaka zikatulia kwenye kioo. Ya kwake hakuikunja. Aliibandika kwenye kioo cha pili, pembeni, peke yake.

"Hii nayo ikae," akasema. "Sasa nani ana chai?"

Kwenye mkutano aliongea kwa kompyuta kutoka chumba kile kile, sisi tumesimama nyuma ya kamera tusionekane. Picha ya kwanza aliyoonyesha ilikuwa ile ya waridi. Alisema, huu ni mpaka niliouchora mimi, na hauna gesi. Hapo alingoja. Ndipo akaonyesha za kwetu, akaeleza habari ya baraza na shahidi anayekaa nje. Yule mzee alikuwepo, amezeeka sana sasa. Aliomba nafasi, na wote tukajua atasema nini, maana alikuwa na haki. Aliuliza tu, kwa Kiingereza cha taratibu, kama anaweza kuona tena ile ya pamoja. Daktari akamwonyesha. Akaitazama, watu wote wanangoja, na mwisho akasema ni nzuri sana. Ni hayo tu aliyosema.

Kitenge tulikishusha siku hiyo. Bakari akaniambia, "Mama Eliya, nilikuwa nakuona kwenye ndoto unanikemea kuhusu Mlola." Nikamwambia na mimi nilidhani anaachana na mke. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Nimekuandikia mengi, na huenda mengine unayajua. Mimi bado nikitoka nje asubuhi hapa Bungu, ukungu umelala bondeni, nasimama kidogo na ndoo yangu. Najua sasa kwamba juu yangu ile mvua inanyesha, mchana huu huu, inapita mahali penye giza nene na kulifanya liseme. Sijazoea. Naomba nisizoee.

Lakini nina ombi, rafiki yangu, ndiyo sababu ya kukaa na kalamu. Watakuja wengine kwenye kiti hicho baada yako, na wataona karatasi kwenye vioo, jua litakuwa limezila rangi, watauliza. Wasimulie, na uwaambie wawasimulie na wenzao. Najua zile mbili zinavutia, kila mgeni anakimbilia zile mbili. Usianzie hapo. Washike mkono uwapeleke kwenye kioo cha pembeni, uwaonyeshe kwanza ile ya peke yake, na uwaambie ni nani aliyeibandika.